Kutoka Herufi Zilizovurugwa hadi Neno: Fonolojia, Mofolojia na Maana katika Mafumbo ya Herufi ya Kiswahili

Ikisiri

Zoezi la kupanga upya herufi zilizovurugwa ili kupata neno limezoeleka katika vitabu vya darasani, kurasa za chemshabongo magazetini na michezo ya simu za mkononi. Aghalabu zoezi hilo huchukuliwa kuwa burudani tu, na jibu lake huaminiwa kuwa moja. Makala haya yanafafanua kinachofanyika kiisimu mzungumzaji wa Kiswahili anapolitegua fumbo la aina hiyo. Yanaonesha kuwa utatuzi hupitia vichujio vitatu, yaani fonolojia, mofolojia na leksika, na kwamba kulipata umbo la neno si sawa na kuipata maana yake. Kwa kutumia seti chache za herufi, makala yanabainisha kwamba mafumbo mengi ya Kiswahili yana majibu zaidi ya moja. Kwa hiyo, mwongozo wa usahihishaji unaokubali jibu moja pekee humnyima mwanafunzi alama anayostahili. Mwishoni, makala yanapendekeza kanuni nne za kuunda mafumbo yanayoendana na muundo wa lugha yenyewe.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anapopewa herufi A, I, L na M na kuambiwa aunde neno, huenda akaandika mali. Mwenzake huandika mila, wa tatu lima, wa nne lami, na wa tano imla. Wote watano wamezitumia herufi zote nne, kila moja mara moja, na kila mmoja ameandika neno linalotambuliwa na kamusi. Hata hivyo, ikiwa mtungaji wa zoezi alikuwa na neno moja tu akilini, wanne kati yao watawekewa alama ya kosa. Tatizo hapo halimo katika ujuzi wa wanafunzi bali katika dhana ambayo zoezi limejengwa juu yake: kwamba rundo moja la herufi huficha neno moja.

Maneno yanayoundwa kwa herufi zilezile katika mpangilio tofauti huitwa anagramu. Katika makala haya, istilahi fumbo la herufi inatumika kwa maana ya zoezi la kutafuta neno au maneno kutokana na herufi zilizovurugwa. Kupata maana ya neno hilo kunachukuliwa kuwa hatua tofauti, ingawa inategemea hatua ya kwanza.

Kihisabati, idadi ya mipangilio ya herufi hukua haraka sana. Herufi nne tofauti zina mipangilio 24, yaani 4 × 3 × 2 × 1. Herufi tano zina mipangilio 120. Sita zina 720. Na saba zina 5,040. Herufi inaporudiwa, idadi hupungua: herufi za neno kata zina mipangilio 12 tu kwa kuwa A imejitokeza mara mbili. Hakuna mtu anayeipitia mipangilio yote hiyo mmoja baada ya mwingine. Mzungumzaji huiondoa mingi kwa mkupuo, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Swali la msingi ni: anaiondoa kwa kutumia ujuzi gani?

2.0 Kinachovurugwa: herufi, sauti au silabi?

Kabla ya kueleza jinsi fumbo linavyoteguliwa, ni lazima kubainisha kinachovurugwa. Tahajia ya Kiswahili sanifu husifiwa kwa ukaribu wake na matamshi, lakini ukaribu huo haumaanishi kuwa kila herufi ni sauti moja. Ch, sh, th, dh, gh, ny na ng' huandikwa kwa zaidi ya alama moja, ilhali kila moja huwakilisha fonimu moja. Herufi C haitumiki peke yake katika tahajia sanifu; huandamana na H daima.

Athari ya jambo hili inaonekana katika herufi A, H, I na S. Kutokana nazo hupatikana hisa, yaani fungu au sehemu ya mali. Siha, yaani afya. Hasi, ambalo ni kitenzi cha kuondoa uwezo wa mnyama dume kuzalisha na pia kivumishi kilicho kinyume cha chanya. Na isha, ambalo ni kitenzi cha kufikia mwisho na pia jina la swala ya usiku. Katika maneno matatu ya kwanza, S na H ni sauti mbili zinazojitegemea. Katika neno la nne, herufi hizohizo zimeungana kuwa sauti moja. Kwa hiyo, hisa ina fonimu nne na isha ina tatu. Kwa jicho la herufi, maneno haya ni anagramu. Kwa sikio la fonolojia, isha haimo katika kundi hilo.

Hati inayotumika nayo hubadili hesabu. Katika hati ya Kiarabu, ambayo ilitumika kuandikia Kiswahili kwa karne nyingi kabla ya kuenea kwa hati ya Kirumi, sauti sh huandikwa kwa herufi moja, shini, isiyohusiana na mchanganyiko wowote wa s na h. Uhusiano wa isha na hisa basi umezaliwa na hati ya Kirumi. Kinyume chake, hisa na siha ni anagramu hata katika Kiarabu zilikotoka, kwa sababu zote mbili huandikwa kwa herufi zilezile tatu, huku sadi na ha zikibadilishana nafasi.

Kipashio cha tatu kinachoweza kuvurugwa ni silabi. Neno samaki likikatwa katika silabi sa, ma na ki, kuna mipangilio sita: samaki, sakima, masaki, makisa, kisama na kimasa. Ukiacha Masaki, ambalo ni jina la mahali jijini Dar es Salaam, samaki ndilo neno pekee la kawaida katika orodha hiyo. Likivurugwa kwa herufi, mipangilio inakuwa 360, na miongoni mwake yamo pia masika, majira ya mvua kubwa, na makasi, umbo jingine la mkasi. Masika hayawezi kupatikana kwa kuhamisha silabi za samaki, kwa kuwa silabi si na ka hazimo katika neno hilo. Kwa maneno mengine, uchaguzi wa kipashio huamua idadi ya majibu.

3.0 Kichujio cha kifonolojia

Kichujio cha kwanza ni ujuzi wa miundo ya silabi. Silabi ya Kiswahili huwa wazi, yaani huishia na irabu. Hata maneno ya mkopo yaliyoingia yakiwa na konsonanti mwishoni hupewa irabu: neno la Kiarabu kitab limekuwa kitabu. Nasali, hasa m, inaweza kubeba silabi peke yake, kama katika mtu na mti. Konsonanti huambatana kwa utaratibu maalumu: nasali hutangulia konsonanti nyingine, kama katika mbuzi na ndizi, na viyeyusho w na y hufuata konsonanti, kama katika kweli na vyombo.

Kwa kutumia K kwa konsonanti na I kwa irabu, mipangilio 24 ya herufi A, I, L na M hugawanyika katika miundo sita yenye mipangilio minne kila mmoja: KIKI, IKKI, KKII, KIIK, IKIK na IIKK. Miundo mitatu ya mwisho huishia na konsonanti, hivyo mipangilio 12 huondoka mara moja. Katika muundo wa KKII, maumbo lmai na lmia huondoka kwa sababu l haiwezi kuwa silabi mwanzoni mwa neno, ilhali mlai na mlia hubaki kwa sababu m inaweza. Muundo wa IKKI hutoa amli, imla, ilma na almi. Maumbo hayo hayana sura ya asili ya Kibantu, lakini hayawezi kukataliwa moja kwa moja katika lugha iliyokwisha kupokea maneno kama almasi na halmashauri. Muundo wa KIKI hutoa mali, mila, lami na lima.

Kutoka mipangilio 24 hubaki 10, na kutoka hiyo 10, angalau mitano ni vidahizo vya kamusi. Aidha, mipangilio yote minne ya KIKI ni maneno. Hali hiyo hujirudia katika herufi A, I, K na P, zinazotoa pika, paki, kipa na kapi. Haijirudii katika kila seti: herufi A, I, S na T hutoa sita, tisa na tasi, jina la samaki, lakini sati ni umbo linalotamkika bila kuwa na maana. Tarakimu za sita na tisa, 6 na 9, nazo hugeuzana zinapopinduliwa, lakini huo ni mwafaka wa bahati usiohusiana na historia ya maneno yenyewe.

Herufi za kata zinaonesha mpaka wa kichujio hiki. Kati ya mipangilio 12, sita huishia na konsonanti, na ktaa na tkaa huanza kwa mfuatano usiozoeleka. Atka nalo lina mfuatano usiozoeleka. Yanayobaki ni kata, taka na akta. Mfuatano kt umo katika daktari, kwa hiyo fonolojia peke yake haitoi sababu ya kuikataa akta. Inayoikataa ni leksika: lugha ingeweza kuwa na neno hilo, lakini haina.

4.0 Kichujio cha kimofolojia

Neno linapokuwa refu, fonolojia haitoshi. Herufi A, I, L, M, M, U na W zina mipangilio 2,520. Zina konsonanti nne na irabu tatu. Ikiwa kila irabu itapata konsonanti yake, konsonanti moja huzidi na lazima iambatane na nyingine au isimame kama silabi. Kuwepo kwa M na W pamoja humkumbusha mzungumzaji kiambishi mw-, umbo ambalo kiambishi cha ngeli ya kwanza huchukua mbele ya irabu, kama katika mwana, mwenzi na mwizi. Akianza na mwa- au mwi-, na kuzipanga herufi zilizobaki katika silabi mbili wazi, hubaki na maumbo manane tu: mwalimu, mwalumi, mwamilu, mwamuli, mwilamu, mwiluma, mwimalu na mwimula. Hapo jibu huonekana bila taabu. Ngeli imefanya kazi ya ufunguo: imepunguza maelfu kuwa chini ya kumi.

Mofolojia hiyohiyo inayorahisisha kazi upande mmoja huifanya iwe tata upande wa pili, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Mfano unaofaa ni herufi za anataka: A nne, K, N na T. Mipangilio yake ni 210. Umbo likianza na kiambishi cha nafsi a- na kufuatwa na silabi tatu wazi, hubaki mipangilio sita:

anataka: a-na-taka, nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo, kitenzi taka;
anakata: a-na-kata, wakati uliopo, kitenzi kata;
atakana: a-ta-kana, wakati ujao, kitenzi kana, yaani kukataa kuwa jambo ni la kweli;
akanata: a-ka-nata, mfululizo wa matukio, kitenzi nata, yaani kushikamana kama gundi;
akatana: a-ka-tana, mfululizo wa matukio, kitenzi tana, yaani kuchana nywele;
atanaka: a-ta-naka, umbo ambalo mzizi wake haupo.

Maumbo matano kati ya sita yana maana kamili. Sababu ni kwamba konsonanti n, t na k zimo katika viambishi vya wakati -na-, -ta- na -ka-, na wakati huohuo ni konsonanti za kawaida za mizizi. Herufi moja inaweza kuwa kiini cha maana ya kitenzi katika umbo moja na alama ya wakati katika umbo jingine. Herufi T ya anataka ni sehemu ya mzizi. Herufi T ya atakana ni ishara ya wakati ujao. Kupanga herufi upya hapa kumebadili mtendo, wakati wake na uhusiano wake na matendo mengine katika usimulizi.

Ni muhimu pia kutambua kwamba kila moja ya maumbo hayo matano linajitosheleza kama sentensi. Anakata lina nafsi, wakati na kitenzi. Anayelitegua fumbo hili, kwa kweli, anatafuta sentensi ndani ya herufi, hata kama ameambiwa atafute neno.

5.0 Kichujio cha kileksika: neno ni lipi?

Mfano uliotangulia unaibua swali ambalo watungaji wa mafumbo hulikwepa: neno linalokubalika ni lipi? Kamusi za Kiswahili hazidahizi maumbo yote yanayotamkwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI kwa mara ya kwanza mwaka 1981, huingiza kitenzi bila kiambishi ku- na bila viambishi vya nafsi na wakati. Mtumiaji atakuta kata na taka, lakini hatakuta anakata wala anataka. Ikiwa kamusi ndiyo mwamuzi, hakuna hata moja kati ya maumbo matano yaliyotajwa linalokubalika, ingawa kila mzungumzaji huyaelewa. Ikiwa sarufi ndiyo mwamuzi, idadi ya majibu hupanuka mno, kwa sababu kitenzi kimoja huweza kubeba viambishi vya nafsi, wakati, urejeshi, yambwa na unyambulishaji kwa pamoja.

Umbo mlia, lililobaki katika sehemu ya 3.0, linadhihirisha mvutano huo. Kwa mujibu wa sarufi, kitenzi lia kinaweza kupokea m- ya mtendaji kama kitenzi la kinavyoipokea katika mla nyama. Kwa mujibu wa orodha ya vidahizo, mlia kwa maana hiyo ya mtendaji si neno. Mwanafunzi anayeliandika kwa maana hiyo ameonesha ujuzi wa sarufi pasipo kuonesha ujuzi wa kamusi. Je, apewe alama au asipewe? Jibu haliwezi kutolewa baada ya zoezi kufanywa. Ni sharti liwe katika maelekezo tangu mwanzo.

Tatizo hili hujitokeza waziwazi katika programu za kompyuta. Njia ya kawaida ya kuitambua anagramu kwa mashine ni kuzipanga herufi za kila neno kwa utaratibu wa alfabeti ili kupata ufunguo. Mali, mila, lima, lami na imla yote hutoa ufunguo AILM. Mashine haihitaji kujaribu mipangilio 24. Huutafuta ufunguo katika orodha na kuyatoa maneno yote yaliyohifadhiwa chini yake. Njia hii ni rahisi na ya haraka, lakini ubora wake hauwezi kuzidi ubora wa orodha. Orodha ya vidahizo pekee itaikataa anakata. Orodha iliyokusanywa kutoka matini itaikubali anakata na pengine kuikosa akatana kwa kuwa tu umbo hilo halikujitokeza katika matini hizo. Kwa lugha ambishi, suluhisho la kudumu ni kuiongezea orodha kichanganuzi cha mofolojia, yaani programu inayoweza kulikata umbo katika viambishi na mzizi na kupima uhalali wake.

6.0 Herufi zilezile, maana ipi?

Hatua ya mwisho ni maana. Hapa kuna maswali mawili. La kwanza ni la ndani ya neno moja: umbo likishapatikana, lina maana ngapi? Kata ni kitenzi cha kutenganisha kwa kitu chenye makali. Ni chombo cha kuchotea maji kilichotengenezwa kwa kifuu. Na ni eneo la kiutawala. Taka ni kitenzi cha kuwa na haja ya kitu na pia ni uchafu. Mwanafunzi anayeandika kata bila kueleza chochote amelitegua fumbo la umbo tu. Haijulikani ni neno lipi kati ya homonimu hizo alilokuwa nalo akilini.

Swali la pili ni la baina ya maneno: je, maneno yenye herufi zilezile yana ukaribu wa maana? Swali hili lina historia ndefu katika isimu ya Kiarabu. Al-Khalil ibn Ahmad, mwanaisimu aliyefanya kazi Basra katika karne ya 8, aliipanga kamusi inayohusishwa na jina lake, Kitab al-Ayn, kwa kuzigeuza herufi za kila mzizi: mzizi wa herufi mbili una sura mbili, wa tatu sita, wa nne 24, na wa tano 120. Kila sura ilitambulishwa kuwa inatumika katika lugha au imeachwa. Utaratibu huo ndio uleule wa fumbo la herufi, ila ulikusudiwa kuihesabu lugha nzima bila kusaza.

Katika karne ya 10, Ibn Jinni, aliyefariki mwaka 1002, alikwenda mbele zaidi. Katika kitabu chake al-Khasa'is, alidai kwamba migeuzo ya mzizi mmoja inaweza kukutana katika maana moja pana. Mojawapo ya mifano yake ni konsonanti k, l na m, ambazo migeuzo yake aliiona ikikutana katika wazo la nguvu. Kiswahili kimepokea maneno kutoka mizizi mitatu ya kundi hilo: kalima, yaani neno, kamili, na miliki. Hata hivyo, katika Kiswahili maneno hayo si anagramu, kwa kuwa irabu zake hazilingani. Katika Kiarabu, konsonanti ndizo zinazobeba mzizi na irabu hubadilika kadiri ya umbo. Katika mzizi wa Kibantu, irabu ni sehemu ya mzizi. Kwa sababu hiyo, nadharia ya Ibn Jinni haihamishiki katika Kiswahili. Mila na mali zote zina asili ya Kiarabu lakini zimetoka katika mizizi tofauti. Lima ni la Kibantu. Kilichozikutanisha ni tahajia.

Ushahidi wa ziada unapatikana katika kinyume, mchezo wa lugha unaojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki, ambamo silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni. Kesho huwa shoke, na nyumba huwa mbanyu. Ni muhimu kuona kwamba mchezo huu hauvurugi herufi. Katika mbanyu, mb na ny zimehama zikiwa nzima, jambo linaloonesha kwamba wachezaji huitambua silabi kama kipashio hata bila kufundishwa istilahi hiyo. Vilevile, kinyume hakipotezi maana, kwa sababu kanuni yake ni moja na msikilizaji anaweza kuirudisha. Fumbo la herufi halina kanuni ya kurudishia. Ndiyo maana linahitaji kutafutwa.

Mara nyingine kinyume cha neno huwa neno jingine. Lima huwa mali, kata huwa taka, kasa huwa saka, na kalima huwa makali. Ni rahisi kuvutiwa na mafunzo yanayoelekea kujificha humo: kwamba kilimo huzaa mali, au kwamba neno lina ncha kama ya kisu. Mshairi au mwalimu ana haki ya kuutumia mvuto huo, na msikilizaji ana haki ya kuufurahia. Lakini maana hiyo huzaliwa na anayeyaweka maneno mawili pamoja. Haimo katika herufi. Ingekuwa imo, kasa na saka nazo zingedai maelezo ya jinsi mnyama wa baharini anavyohusiana na uwindaji, na kata na taka zingedai maelezo ambayo hakuna anayeweza kuyatoa bila kubuni.

7.0 Athari kwa ufundishaji na uundaji wa michezo

Uchambuzi huu una matokeo ya moja kwa moja darasani. Mtoto anayejifunza stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu hufundishwa kwanza kuunganisha konsonanti na irabu: ba, be, bi, bo, bu. Kumpa fumbo la herufi katika hatua hiyo ni kumtaka akivunje kipashio alichokwisha kukijua na kuanza upya na kipashio kidogo zaidi. Fumbo la silabi humfaa zaidi, na, kama mfano wa samaki ulivyoonesha, huwa na majibu machache ambayo mwalimu anaweza kuyatabiri. Fumbo la herufi linafaa baadaye, wakati lengo ni kupanua msamiati.

Matokeo mengine yanahusu michezo iliyoundwa kwa lugha nyingine. Scrabble, uliobuniwa na Alfred Butts nchini Marekani katika miaka ya 1930, una vigae 100 katika seti yake ya Kiingereza. Vigae hivyo vinajumuisha E 12, A tisa na K kimoja tu, pamoja na Q na X ambazo hazimo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu. Mchezaji wa Kiswahili anayetumia seti hiyo hawezi kuandika kuku, kikapu wala kikombe bila kutumia kigae kitupu, na vigae kama hivyo ni viwili tu. Kuifasiri sheria ya mchezo bila kubadili uwiano wa herufi ni kuihukumu lugha kwa mizani ya lugha nyingine.

Kutokana na hayo, kanuni nne zinapendekezwa kwa watungaji wa mafumbo na wasahihishaji.

Kwanza, kipashio kitajwe. Maelekezo yaseme wazi kama kinachopangwa ni silabi au herufi, na kama ch, sh, ny na ng' zitahesabiwa kuwa kigae kimoja au zaidi. Bila hivyo, haijulikani kama isha ni jibu la herufi nne au la vigae vitatu, wala ritifaa ya ng'ombe inawekwa wapi.

Pili, mwamuzi atajwe. Kama ni kamusi, itajwe ni ipi. Kama maumbo yaliyonyambuliwa na yenye viambishi yanaruhusiwa, isemwe.

Tatu, majibu yote yatafutwe kabla ya zoezi kutolewa, na yote yakubaliwe. Kwa maneno ya herufi nne, mtungaji anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono kwa kupitia miundo ya silabi kama ilivyofanywa katika sehemu ya 3.0. Kwa maneno marefu, njia ya ufunguo wa kialfabeti inafaa.

Nne, maana iombwe pamoja na umbo. Badala ya kusema, "Panga herufi A, I, L, M upate neno," zoezi liseme, "Tumia herufi A, I, L na M, kila moja mara moja, uunde maneno matatu, kisha utunge sentensi kwa kila neno." Sentensi ndiyo inayothibitisha kwamba mwanafunzi amelipata neno na hakubahatisha umbo linalotamkika.

8.0 Hitimisho

Fumbo la herufi ni jaribio dogo la ujuzi mpana. Anayelitegua hutumia sheria za silabi kuondoa yasiyotamkika, huitumia ngeli na viambishi kukisia umbo la jumla, huipima leksika kutenganisha neno lililopo na lile ambalo lingeweza kuwepo, na hatimaye huamua maana. Hatua hizo haziendi zote kwa kasi moja wala haziishii lazima katika jibu moja. Herufi hazina maana inayobaki nazo zinapohamishwa. Maana huambatana na mpangilio, na katika Kiswahili mipangilio kadhaa ya herufi zilezile inaweza kuwa halali kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyeandika mila pale mwalimu alipotarajia mali ametoa jibu sahihi, na ni wajibu wa mtungaji wa zoezi kulijua hilo kabla hajashika kalamu nyekundu.